Kutunzwa si kulipwa: Mama Besi na ankara yake ya kwanza

Saa nane mchana, Ijumaa, gitaa la besi linanguruma mpaka misumari inacheza ndani ya kopo lake juu ya meza ya fundi.

Humu ni karakana ya makochi. Mbele kuna fremu za mbao ambazo bado hazijavishwa kitambaa, springi zimerundikwa pembeni, na harufu ya gundi inakupokea mlangoni kabla hujapokewa na mtu. Ukijipenyeza katikati ya mabunda ya sponji, unafika nyuma, na huko ndiko bendi inakofanyia mazoezi, leo kwa ajili ya harusi ya kesho. Sponji inameza kelele, majirani wanapata usingizi wao wa mchana, na hakuna anayegombana na mtu.

Anayelipiga gitaa hilo ni mwanamke wa miaka arobaini na ushei, gauni la maua, raba nyeupe, macho ameyafumba. Mtaa mzima unamwita Mama Besi, mpaka mwenye duka anayemkopesha sabuni. Kwenye kitambulisho ana jina jingine kabisa, ambalo ameomba lisiandikwe gazetini. Majina hayo mawili yameshamtia kwenye msukosuko wa kutosha, na tutaufikia.

"Acheni, acheni!" anapaza sauti. Muziki unakatika. "Shemeji, hapo unakimbia. Nani anakufukuza?"

Shemeji ndiye mpiga dramu, mdogo wa mume wake. Anajifuta jasho kwa mkono wa shati huku akicheka.

"Sikimbii, shemeji. Wewe ndiye unayekokota miguu kama mtu anayeenda kumwona daktari wa meno."

Mpiga kinanda anacheka, mwimbaji anacheka. Halafu, bila kupangana, wote wanne wanaitazama simu iliyolazwa kifudifudi juu ya spika.

Basi habari yenyewe ndiyo hiyo simu. Leo ndiyo siku ya mwisho ya ofisi moja kubwa kuilipa bendi hii laki nane kwa kazi ya jukwaani iliyofanyika miezi kadhaa nyuma. Hela ikiingia, bendi ina uhai. Isipoingia, kesho kutwa Shemeji anauza dramu zake. Mnunuzi ameshapatikana na ametanguliza kidogo, na duka moja la saruji limemwahidi Shemeji usukani wa lori.

"Muziki sijauchoka," anasema Shemeji, akigonga vijiti taratibu kwenye goti. "Nimechoka kurudi nyumbani na makofi. Mke wangu hajui kupika makofi."

Mama Besi hacheki kwa hilo. Anasema wapiga dramu wapo tele, ila huyu wamepiga pamoja miaka kumi na moja. "Mimi nikigusa uzi, mguu wake umeshafika. Mtu wa namna hiyo humpati kwa kubandika tangazo. Akiondoka, nafunga gitaa langu kwenye boksi, nahamia hapo mbele nishone makochi na mume wangu."

"Na kushona kwenyewe hajui!" inasikika sauti ya fundi kutoka mbele, kati ya nyundo na nyundo.

"Nimekusikia!" anajibu mkewe.

Kwenye muziki aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa msichana mwitikiaji kwenye bendi ya mjomba wake, wale wanaosimama nyuma ya mwimbaji wakisema "ooo" na "aaa" usiku kucha. Mpiga besi wa bendi hiyo alikuwa bingwa wa kuchelewa. Siku moja alichelewa moja kwa moja, hakufika kabisa, na mjomba akabaki ameshika kichwa.

"Nikamwambia, mjomba, mimi najua anachopiga. Akanitazama hivi, kama mbuzi ameomba kuendesha gari." Anacheka kwa sauti. "Nikashika gitaa. Wimbo wa kwanza nilikosea, wa pili nilikosea kidogo, wa tatu watu wakasimama kucheza. Basi! Tangu siku hiyo sijashuka."

Aliolewa na fundi wa makochi aliyekuja ukumbini kukarabati viti vya wageni na kusahau kuondoka. Wana watoto watatu. Mkubwa amemaliza sekondari na hajui kupiga chochote zaidi ya porojo, anasema mama yake, ila anajua kucheka, na hilo nalo ni jambo.

Sasa, tuseme ukweli kuhusu kazi hii. Kuna neno moja ambalo limewaua wanamuziki wengi kuliko njaa. Neno lenyewe ni "tutaelewana".

Mteja anapiga simu: njooni mpige kwenye shughuli yangu, kuhusu hela msijali, tutaelewana. Unakwenda. Unapiga. Watu wanacheza, mwenye shughuli anakukumbatia, anakuita ndugu yake wa damu. Shughuli ikiisha ndugu wa damu haonekani, simu yake inaita bila kupokelewa, na ukimpata anakuambia gharama zilikuwa nyingi, si unajua mambo ya shughuli.

"Na sisi tulikuwa tunaona haya," anasema Mama Besi. "Msanii akitaja bei anaonekana ana tamaa. Unaogopa kesho hawatakuita. Kwa hiyo unanyamaza, unacheka, unaondoka na ulichopewa."

Walichopewa kilikuwa hivi. Harusi ya kawaida waliahidiwa laki tatu kwa mdomo. Mkononi ziliwafika laki mbili, wakati mwingine pungufu. Toa gari la kubeba vyombo, toa kukodi spika, toa maji na chakula, na kila mmoja alirudi nyumbani na elfu ishirini. Tena hapo ni siku njema.

Walichokuwa wanategemea zaidi ni kutunzwa. Mgeni amekolea na wimbo, anakuja mbele anakuwekea noti kwenye paji la uso au mfukoni mwa shati, ukumbi unapiga vigelegele. Raha hiyo haielezeki! Lakini mwimbaji ndiye anayetunzwa. Anayepiga besi yuko nyuma karibu na ukuta, na huko noti hazifiki.

"Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na mimi sibishani nao," anasema. "Ila kutunzwa si kulipwa. Kutunzwa ni furaha ya mtu, leo anayo, kesho hana. Kulipwa ni haki yangu hata kama mteja ameamka na kisirani."

Leo anasema hivyo kwa kujiamini. Miezi michache iliyopita asingesema. Kilichomgeuza ni sherehe moja ya ofisi.

Mwanamke mmoja aliyewaona kwenye harusi aliwapendekeza kazini kwake, kwenye sherehe ya wafanyakazi ya kufunga mwaka. Walikubaliana kwa simu: laki nane, saa tatu za muziki. Laki nane! Mama Besi anakumbuka kwamba alikata simu, akaenda mbele ya karakana, akamkumbatia mumewe akiwa na misumari mdomoni, nusura aimeze.

Sherehe ilifana kupita maelezo. Wahasibu walicheza, madereva walicheza, walinzi wa getini walichungulia wakaitwa ndani nao wakacheza. Mkurugenzi mwenyewe, mtu mzito mwenye miwani, alivua koti, halafu tai, halafu viatu. Saa tatu zilipoisha ukumbi mzima ulipiga kelele "Bado! Bado!" na bendi ikaongeza saa nzima kwa furaha tu.

Wiki iliyofuata Mama Besi alivaa vizuri akaenda kuchukua hela. Alielekezwa kwa mhasibu, dada mmoja mdogo kwake kwa umri, meza imejaa mafaili.

"Akanipokea vizuri, karibu mama, kaa mama, jana tu nilikuwa bado naumwa magoti kwa kucheza. Halafu akaniuliza, ankara iko wapi?" Mama Besi anatoa macho akiigiza alivyokuwa. "Nikadhani ananiuliza kama kuna chombo nimekisahau ukumbini. Nikamwambia, vyombo vyote tulibeba, dada, hata waya hatukuacha."

Mhasibu huyo, aliyezungumza na mwandishi wa makala haya ofisini kwake, bado anakicheka kisa hicho. "Nikamweleza kwamba ankara ni karatasi ya kudai malipo. Sisi hapa bila karatasi hiyo hela haitoki, hata kama kazi tumeiona kwa macho yetu wenyewe. Akasema sawa, nitaleta. Akaleta."

Alileta! Ilikuwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mwanawe, na mhasibu ameihifadhi mpaka leo kwa sababu hakuwa na roho ya kuitupa. Imeandikwa hivi: "Kazi: tulipiga mpaka mkubwa wenu akavua viatu. Hela: mnajua wenyewe. Asanteni na Mungu awabariki."

"Nilicheka mpaka nikatoka nje," anasema mhasibu. "Lakini ningeipelekaje kwa bosi isainiwe? Na bosi ndiye aliyevua viatu!"

Ikarudishwa.

Mama Besi hakukata tamaa. Alikwenda duka la kuchapa karatasi, akamweleza mwenye duka anataka ankara ya maana. Mwenye duka alimtengenezea kitu cha kuvutia kweli: gitaa jekundu limechorwa juu, maandishi ya dhahabu, jumla ya hela chini kwa herufi kubwa, namba ya akaunti ya benki, kila kitu. Na mahali pa jina la mdai, kwa herufi zilizopinda vizuri, pakaandikwa MAMA BESI.

Unaliona kosa? Yeye hakuliona, na hata mimi nisingeliona. Mpishi hawezi kulifanya kosa hilo, wala fundi makochi. Ni kosa la watu wa jukwaani peke yao, watu waliozoea kuitwa majina ya kubandikwa mpaka wanayasahau ya kuzaliwa.

Ofisi iliipokea ankara ile, ikalipa kwa jina lililoandikwa. Benki ikatazama: akaunti ni ya fulani binti fulani, hela ni ya mtu anayeitwa Mama Besi. Benki haimjui Mama Besi. Haijawahi kucheza muziki wake. Hela ikarudi ilikotoka, na kwa kuwa ilirudi kimya kimya, wiki zikapita kabla ya mhasibu kugundua na kuirudisha ankara.

Wiki hizo ndizo zilizomvunja Shemeji. Alikuwa ameshamwahidi mwenye nyumba kodi. Alikuwa ameshamwambia mkewe safari hii ni hela ya ofisi, si ya maneno. Kila siku alipita karakana akiuliza, na kila siku aliambiwa bado.

"Nikajiona mjinga," anasema. "Kama ofisi kubwa hivi nayo hailipi, basi hakuna anayelipa. Nikatafuta mnunuzi wa dramu. Shemeji nikamwambia wazi, namsubiri mpaka mwisho wa mwezi huu, basi."

"Aliniambia nikiwa napika," anasema Mama Besi. "Nilizima jiko. Nililia, sifichi. Kisha nikajifuta, nikaenda kwa yule dada mhasibu bila miadi. Nikamwambia, dada, kuuliza si ujinga. Nifundishe hiki kidude mpaka nikijue, kwa sababu kinanivunjia bendi."

Mhasibu alifunga faili alilokuwa nalo. Ilikuwa saa ya chakula. Alichukua karatasi nyeupe, akavuta kiti upande wa Mama Besi, na pale pale, chakula kikipoa, somo likaanza.

Juu kabisa, jina lako la benki, lile lile, herufi kwa herufi. Jina la bendi unaweza kuliweka chini yake, hata gitaa lako jekundu libaki, halimkeri mtu. Kisha anayedaiwa ni nani, na anwani yake. Kisha tarehe. Kisha namba ya ankara.

Hapo kwenye namba walivutana kidogo. Mama Besi alikataa katakata kuanza na namba moja.

"Nikamwambia, dada, watajua sisi ni washamba, ndiyo kwanza tunaanza! Niwekee mia moja."

"Nikamwambia, mama, anza na mia, anza na elfu, ni shauri lako," anasema mhasibu. "Ila namba ikishatumika usiirudie. Ikirudiwa, mimi nadhani nimeshalipa."

Wakaanza na mia moja na moja. Mama Besi anasema hiyo moja ya mwisho aliiongeza ili ionekane mia imeshapita.

Wakaendelea. Kazi gani ilifanyika, siku gani, ukumbi gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Si viatu vya mkurugenzi. Kama kuna usafiri wa vyombo, mstari wake. Kama kuna kukodi spika, mstari wake. Jumla chini. Namba ya akaunti. Na siku ya mwisho ya kulipwa, iandikwe, kwa sababu deni lisilo na siku halina haraka.

Kisha likaja la uchungu. Mama Besi aliuliza ile saa waliyoongeza watu walipopiga kelele aiandike wapi.

Mhasibu alitikisa kichwa. "Hiyo hatukukubaliana, mama. Hiyo mmetupa zawadi."

"Iliniuma!" anasema Mama Besi, akijipiga kifua. "Saa nzima, vidole vimewaka moto, kumbe zawadi. Akaniambia, mali bila daftari huisha bila habari. Nikamjibu, dada, hiyo methali tangu shule naijua, ila nilifikiri inahusu wenye maduka."

Ankara ya tatu aliiandika mwenyewe usiku huo huo, akachapisha asubuhi, akaipeleka. Ilipokewa, ikapigwa muhuri wenye tarehe. Utaratibu wa ofisi ile ni kulipa ndani ya siku thelathini tangu muhuri upigwe, na siku hizo zinaishia leo.

Katika kusubiri huko, Mama Besi aligeuka mtu mwingine. Hakuna tena tutaelewana. Mteja akipiga simu anaambiwa bei, halafu anatumiwa makubaliano ya ukurasa mmoja, halafu anatanguliza nusu ndipo tarehe yake inaandikwa. Wateja wawili walinuna wakaenda kwingine. Mmoja alirudi, kwa sababu huko kwingine mpiga kinanda hakutokea.

Na ile saa ya nyongeza sasa ina mstari wake. Wiki iliyopita, kwenye harusi moja, muda uliisha na ukumbi ukapiga kelele "Bado!" kama kawaida. Mama Besi alimtazama baba wa bibi harusi, akainua kidole kimoja juu. Mzee, shati limelowa jasho, akapaza sauti kutoka katikati ya wachezaji: "Andika! Andika mbili!"

Ukumbi uliripuka kwa kicheko. Wageni walidhani ni sehemu ya onyesho. Mzee alilipa zote mbili kesho yake kabla ya chakula cha mchana, na akaomba risiti.

"Shemeji amekuwa karani," Shemeji anatania, akikaza ngozi ya dramu. "Siku hizi kabla ya kupiga chafya anauliza nani atalipia."

"Nitacheka nikishalipwa," anajibu Mama Besi, na kuitazama simu tena.

Saa tisa na nusu simu inatetemeka juu ya spika.

Mpiga kinanda anaruka. Mwimbaji anasema "Ee Mungu." Fundi ameshafika nyuma na nyundo yake mkononi. Mama Besi anaigeuza simu, anasoma, anashusha mabega. Ni kampuni ya simu, inampongeza kwa kuwa mteja mwaminifu.

"Wewe!" anaifokea simu. "Leo si siku yako!"

Wanarudi kwenye mazoezi. Nyimbo mbili, tatu. Shemeji anapiga vizuri. Kati ya wimbo na wimbo anaangalia dramu zake moja moja, na mwandishi anaona aibu kumtazama.

Ni katikati ya wimbo wa nne ndipo inatetemeka tena. Safari hii hakuna anayeisikia, wanaiona tu ikitembea yenyewe kwenye ukingo wa spika kama inataka kujirusha. Fundi anaidaka. Anamkabidhi mkewe bila kuisoma.

Mama Besi anasoma mara moja. Anasoma tena. Anaweka mkono mdomoni.

"Imeingia," anasema kwa sauti ndogo. Kisha kwa sauti inayotoboa sponji zote: "Imeingiaaa!"

Jamani! Mwimbaji anapiga vigelegele, mpiga kinanda anambeba fundi makochi na nyundo yake, misumari inamwagika, mtu anakanyaga waya na spika inapiga yowe nayo. Mwandishi wa makala haya, aliyekuja kazini na kalamu yake kwa heshima zote, anajikuta amekumbatiwa na mtu asiyemjua jina.

"Shilingi ngapi?" anauliza Shemeji. Yeye peke yake hajainuka.

Mama Besi anatazama vizuri. Furaha inamganda usoni. "Laki saba na elfu sitini."

"Elfu arobaini iko wapi?"

Shemeji anaviweka vijiti vyake chini, taratibu, kimoja baada ya kingine. "Si nilisema," anasema. "Hawa watu si nilisema?"

Mama Besi ameshapiga simu, ameiweka sauti ya nje ili wote wasikie. Mhasibu anapokea akicheka. "Mama! Umeiona? Najua unachopigia. Hiyo iliyopungua ni kodi ya zuio, hatujaila. Tunaikata tunaipeleka serikalini kwa jina lako, jina lako la kweli, na nitakupa hati. Itunze. Siku ukifanya hesabu za kodi, hiyo inahesabika umeshalipa."

"Kwa hiyo ni yangu?"

"Ni yako, imetangulia tu. Na mama, usikate simu. Bosi ameniuliza jana kama wale watu wa besi bado wapo. Mwakani tuna shughuli nne. Anataka umletee makadirio ya bei, Jumatano."

Hakuna aliyesikia alivyoaga. Kelele iliyofuata ilileta majirani, usingizi wao wa mchana umeisha, nao wakapewa habari, nao wakaongeza kelele. Shughuli nne! Mpiga kinanda alikuwa anahesabu kwa vidole, anakosea, anaanza upya.

Kelele zilipotulia, Mama Besi alisimama mbele ya wenzake kama mwalimu. "Hela ipo. Kila mtu fungu lake analijua. Lakini kwangu hapa hakuna hela inayotoka bila ankara. Niandikieni, mimi nitalipa leo leo."

"Hata mimi?" anauliza Shemeji.

"Wewe hasa."

Ikumbukwe mnunuzi wa dramu bado alikuwa anamsubiri Shemeji, na malipo ya siku moja si maisha. Hakusema anabaki wala anaondoka. Alichukua penseli ya fundi, ile bapa ya kuchorea mbao, akaomba karatasi, akaenda kukaa mbele kwenye kochi lisilo na kitambaa.

Alichukua muda mrefu. Mpiga kinanda alimaliza yake, mwimbaji akamaliza yake, wakalipwa. Mama Besi alikuwa anafunga nyaya na kuzifungua tena. Mara mbili alinyoosha shingo kuangalia mbele, mara mbili mumewe akamwambia amwache.

Hatimaye Shemeji akarudi na karatasi mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya sherehe ya ofisi. Mama Besi aliipitia kwa kidole, mstari kwa mstari: jina lote la kitambulisho, ambalo nyumbani anayelitumia ni mama mkwe peke yake, tarehe, ukumbi, kazi, jumla. Haikuwa na dosari. Akamhesabia hela yake.

Ya pili ilikuwa na maelezo ya kazi mstari mmoja tu: kupiga dramu, shughuli nne za ofisi, mwakani, pamoja na mazoezi.

Mama Besi aliisoma, akainua uso. "Kazi yenyewe bado haijafanyika, shemeji. Ankara ya namna gani hii?"

"Itunze," alisema Shemeji. Alikuwa ameshakaa nyuma ya dramu zake. "Tukimaliza nitakuja kuidai. Yule mnunuzi nimeshampigia, hela yake namrudishia jioni hii."

Mama Besi aligeukia ukuta wa sponji akakaa hivyo kidogo, mabega yanatikisika. Alipogeuka alikuwa anacheka na machozi yanamtoka kwa pamoja.

Aliulizwa ana mpango gani sasa. Alijibu anataka kununua spika zao wenyewe, waache kukodi. Anataka kuwaita wapiga muziki wote anaowajua, hata wale wanaompora wateja, aje yule dada mhasibu awafundishe hapa hapa karakana, makochi ya kukalia yapo.

"Lakini hayo ni ya baadaye," alisema, akivaa mkanda wa gitaa begani. "Mimi leo nimebaki na mpiga dramu wangu. Nimefurahi mpaka sijui nitapigaje. Haya, Shemeji, tuhesabie. Harusi ni kesho."